BENZI LA MENEJA NA MFUKO WA TAWI

Tangu mwezi uliopita mazungumzo mashambani na kiwandani ni jambo moja tu, nalo ni Benzi. Kampuni imemnunulia meneja gari jipya. Lile la zamani, Mercedes-Benz E 200 Kompressor ya mwaka 2005, rangi ya fedha, viti vya ngozi, limeoshwa na kuwekwa mbele ya ofisi ya utumishi ambapo kila mtu anayekwenda kupokea mshahara hana budi kulipita. Kisha ikaja barua kwa kamati ya tawi. Kampuni inasema kwamba, kwa ajili ya kudumisha ushirikiano mwema, iko tayari kuuzia chama gari hilo kwa shilingi milioni 14. Hatutakiwi kutoa hata senti mkononi. Kampuni yenyewe itakata shilingi 700,000 kila mwezi katika ada zetu kabla ya kuzileta kwenye akaunti ya tawi, kwa miezi ishirini, na ufunguo tutapewa siku ile ile ya kutia sahihi.

Wenzetu wengi wamefurahi. Sisi tunaoandika maneno haya, ambao kazi yetu ni kupita kambi hadi kambi kuandikisha wanachama na kusikiliza malalamiko, hatukufurahi. Tumeomba nafasi katika gazeti hili tueleze kwa nini, kwa sababu katika mkutano wa kamati tulipewa dakika tano, na dakika tano hazitoshi hata kufungua boneti.

Kwanza tuwape haki yao wale wanaolitaka gari hili. Si kweli kwamba wote wana tamaa ya makuu. Mwenyekiti wetu alikwenda kwenye mazungumzo ya mwaka jana juu ya bodaboda, mvua ikamkuta njiani, akafika getini ametapakaa tope mpaka kifuani. Mlinzi akamwambia asubiri nje aandike jina daftarini. Wakati anaandika, gari la wakili wa kampuni likapita bila hata kusimama. Mwenyekiti aliingia katika chumba cha mazungumzo amelowa, akakaa saa tatu anatetemeka mbele ya watu waliokauka. Na yuko mama mmoja, mchuma chai, aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane wakati gari la zahanati limekwenda Kampala na bosi fulani. Alibebwa kwa pikipiki kilomita kumi na nne, mbele dereva, nyuma mkunga. Mtoto alizaliwa salama, lakini sote tunajua ingeweza kuwa vingine. Kwa hiyo mtu akisema tawi linahitaji chombo cha usafiri, anasema kweli, na sisi tuko pamoja naye. Ila swali letu ni kuhusu chombo hiki.

Katika kambi zetu wako wazee wanaosema: Benzi haifi. Nao hawasemi uongo, wanalikumbuka gari jingine. Wanalikumbuka lile la miaka ya 1970 na 1980, ambalo wajuzi huliita W123, lenye uso wa taa za mviringo. Magari karibu milioni 2.7 ya aina hiyo yalitengenezwa mpaka katikati ya miaka ya 1980, na mengi yakamalizia maisha yao huku kwetu Afrika. Lile la dizeli lilikuwa la polepole kama trekta, lakini fundi mwenye spana na akili zake aliweza kulifungua chini ya mwembe na kulifunga tena. Wako pia wanaotaja habari ya dereva wa teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, ambaye gari lake la 240 D la mwaka 1976 lilikwenda kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 likawekwa katika makumbusho ya Mercedes-Benz. Ni kweli kabisa. Lakini wasimuliaji husahau kusema kwamba gari hilo lilibadilishwa injini mara nyingi, na kwamba mwenyewe alikuwa akilihudumia kila siku kwa sababu ndilo lililompa chakula. Gari halikudumu kwa jina lake. Mtu alilipia kila kilomita.

Gari lililo mbele ya ofisi ya utumishi si mtoto wa lile. Ni wa ukoo mmoja kwa nyota ya mbele tu. Ndani yake kuna kompyuta kila pembe: ya injini, ya gia, ya breki, ya milango, ya viti. Kwa mtu aliyelinunua jipya, akiwa na gereji ya kampuni karibu na pesa za kutosha, lilikuwa gari zuri mno. Wala hatulitukani. Tatizo lake ni kwamba bei ya gari imeshuka kila mwaka mpaka imefika mkononi mwetu, lakini bei ya vipuri vyake haikushuka pamoja nayo. Kipuri hakijui kwamba mwenye gari sasa ni mchuma chai. Kinauzwa kwa bei ile ile aliyokuwa akilipa mkurugenzi.

TULIYOYAONA CHINI YA GARI

Tulimwomba fundi mmoja tunayemwamini, aliyefanya kazi miaka mingi na magari ya Kijerumani, aje alitazame. Kampuni ilitupa saa moja. Yeye alilala chini ya gari kwa nusu saa, akaliwasha, akasikiliza, akatuita kandoni.

Alianza na breki, na sisi tutaanza hapo kwa sababu breki ndizo zitakazombeba yule mama mjamzito tunayemtolea mfano. Katika gari la kawaida, ukikanyaga pedeli, mguu wako ndio unaosukuma mafuta ya breki mpaka magurudumuni. Katika Benzi hizi za E za kuanzia mwaka 2002 mpaka 2006 mambo si hivyo. Pedeli inapeleka habari kwa umeme kwenye kompyuta, kompyuta inaiamuru pampu, na pampu ndiyo inayosukuma mafuta. Mfumo huu unaitwa SBC. Ukiwa mzima unasimamisha gari vizuri kuliko breki nyingine. Lakini mwaka 2004 Mercedes wenyewe waliita magari 680,000 yarudi gereji kwa ajili yake, na mwaka 2005 wakaita tena magari milioni 1.3 kwa hitilafu za umeme na za breki hizo. Mwaka 2006 wakaliondoa jambo lenyewe katika magari ya E, wakarudia breki za kawaida. Wenye kiwanda walipochoka nazo, sisi ndio tunakaribishwa kuanza nazo.

Tena kifaa hicho kina hesabu ndani yake. Kinahesabu kila mara breki inapokanyagwa, na kikifika kiasi kilichowekwa kinaandika maneno mekundu mbele ya dereva kwamba gari lipelekwe gereji, hata kama breki bado zinashika. Kikifa kabisa, zinabaki breki za magurudumu ya mbele peke yake, pedeli inazama sana, na dereva lazima akanyage kwa nguvu zote za paja. Mfikirie katika ule mteremko wa kuingilia kiwandani, na lori la majani mabichi linapanda mbele yake.

Na jambo moja kwa ndugu zetu wa gereji ya kampuni, ambao huenda wakaambiwa walihudumie gari hilo. Msiguse pedi za breki kabla mfumo haujazimwa kwa mashine yake. Mtu akifungua mlango tu, au akibonyeza ufunguo kwa mbali, pampu inaamka yenyewe na pistoni zinabana. Kidole kilichopo hapo hakina bahati. Tumekwisha kuwa na vidole vya kutosha vilivyopotea katika mashine za kusaga majani, hatuna haja ya kuongeza vya Benzi.

Kutoka breki fundi alikwenda kwenye injini. Alituambia tusikilize mara ya kwanza inapowashwa asubuhi. Tulisikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, sekunde mbili tatu, kisha ukatulia. Ile ni cheni ya taimingi, inayoendesha vali. Katika injini hii ya lita 1.8 cheni ni nyembamba, na baada ya miaka inarefuka na kula meno ya gurudumu lake. Ikiruka meno, vali zinagongana na pistoni na injini imekwisha. Mara nyingi onyo la mapema ni huo mlio wa kokoto. Dawa yake ni kubadilisha cheni pamoja na magurudumu yake ya meno, na kuweka oili halisi ya aina inayotakiwa, lita 5 na nusu kila mara, si ile ya kupimiwa kutoka kwenye pipa.

Gia ni habari ndefu, na hapa hatuhitaji fundi kutusimulia kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa ndani ya gari.

Miaka kadhaa iliyopita tawi moja la jirani lilinunua Benzi kuukuu, lile la taa nne za yai, la miaka ya mwisho ya 1990. Siku ya kwenda kutia sahihi mkataba wa mishahara tulipewa lifti, watu watano, wote tumevaa koti. Tulipofika kama nusu ya safari gari likatetemeka mara moja, likaanza kulia kwa sauti ya juu. Lilikuwa limeingia gia ya pili, na halikukubali kutoka. Tukaenda kilomita sitini katika gia ya pili, malori ya miwa yakitupita, watoto kando ya barabara wakitupungia mikono. Tulifika saa sita na nusu. Waajiri walikuwa wamesubiri, wakaandika katika kumbukumbu kwamba chama kimechelewa, wakaahirisha mkutano kwa wiki sita. Wiki sita za mshahara wa zamani kwa watu mia nane, kwa ajili ya gia boksi.

Kilichofuata ndicho kilichotuuma zaidi. Tawi lilikwenda kwa fundi wa kwanza, akasema gia boksi imekufa. Wakachanga, wakanunua nyingine iliyotumika huko Kisekka, Kampala, wakaifunga. Baada ya mwezi mmoja ugonjwa ukarudi ule ule. Fundi wa tatu ndiye aliyejua. Gia boksi ya aina hii ya gia tano ina plagi ya waya inayoingia ubavuni, na plagi hiyo ina mipira midogo ya kuzuia mafuta. Mipira ikichakaa, mafuta ya gia yanapenya, yanatambaa ndani ya waya wenyewe kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi, mpaka yanafika kwenye kompyuta ya gia. Kompyuta ikilowa, inajihami kwa kubakiza gia ya pili. Plagi yenyewe ni kitu cha bei ndogo kuliko tairi moja. Gia boksi ya kwanza pengine ilikuwa nzima. Lakini pesa zilikwisha kwenda, na ya kwanza ilikwisha kuuzwa kama chuma chakavu.

Gari tunalouziwa sisi lina gia boksi ya ukoo huo huo. Hata kijiti cha kupimia mafuta yake hakimo, shimo limefungwa kwa kifuniko na kijiti kinakaa gereji. Hapo mwanzo kiwanda kilisema mafuta hayo ni ya maisha yote ya gari, baadaye kikabadili neno na kutaka yabadilishwe. Tulimwuliza dereva wa meneja yalibadilishwa lini. Alicheka.

Mengine tutayapita haraka. Mbele, mikono ya kusimamisha magurudumu, bushi na boljointi zimekwisha, jambo lisiloshangaza kwa gari lililoundwa kwa lami na kuishi miaka mingi juu ya murram. Chini limekaa karibu na ardhi, na sampo ina alama za mawe. Matairi ni ya kipimo cha 225/55 R16, huwezi kuazima kwenye pikapu ya kampuni. Betri ni mbili, moja kubwa nyuma na moja ndogo mbele kwa ajili ya zile breki, na zote mbili zimechoka. Kiyoyozi kinapuliza upepo wa moto. Hili la mwisho twaweza kulistahimili, tuna madirisha.

Fundi alituandikia karatasi. Matairi manne, shilingi 1,400,000. Cheni na magurudumu yake pamoja na ufundi, 1,800,000. Kazi ya magurudumu ya mbele, 1,400,000. Mafuta ya gia, chujio na plagi, 600,000. Betri mbili, 700,000. Jumla ni shilingi 5,900,000, na pampu ya SBC haikuandikwa kabisa, kwa sababu alisema, kwa maneno yake mwenyewe, hiyo tumwombe Mungu.

Mchuma chai hodari kwetu, siku ya majani mengi, anapata kama shilingi 6,000. Gawanyeni wenyewe. Ni siku 983 za kuinama, na mwaka wa kazi una siku mia tatu na kidogo. Zaidi ya miaka mitatu ya mgongo wa mtu mmoja, ili gari lipate kutoka tu hapo lilipo kwa usalama.

DAFTARI LA MHAZINI

Baada ya makao makuu kuchukua fungu lake, tawi hubaki na kama shilingi 1,600,000 kwa mwezi. Katika hizo tunalipa kodi ya chumba cha ofisi, karani, nauli za wajumbe wa kambi za mbali, na rambirambi. Kampuni ikikata 700,000 zinabaki 900,000. Sasa gari liende Kampala mara moja tu kwa mwezi na kurudi, kwa sisi wa upande huu wa Toro ni kilomita 600. Likitumia lita 10 kwa kila kilomita 100, ambayo ni kuliheshimu sana, ni lita 60. Kwa bei ya shilingi 5,000 kwa lita, ni 300,000. Zinabaki 600,000, na bado hatujalipa bima, dereva, oili, wala lile deni la 5,900,000 la fundi. Je, akifa mwanachama mwezi huo? Wakifa wawili?

Tumeulizwa kwenye kamati: mbona tunahesabu hasara tu? Gari si litakodishwa kwa maharusi Jumamosi lilete faida? Wazo hili lina watu wengi nyuma yake, na sisi tunaliheshimu. Ni kweli bibi arusi hupendeza akishuka katika Benzi la fedha. Lakini arusi ni za misimu, na gari likikwama na bibi arusi njiani, kama lile lilivyokwama na sisi, anayedaiwa fidia ni tawi. Halafu dereva atakuwa nani, na nani atashika funguo za gari la chama Jumamosi usiku? Tumeona vyama vikivunjika kwa maswali madogo kuliko hayo.

Hata hivyo, hesabu zote hizi zingekuwa nzuri, bado tungepinga. Soma barua ile mara ya pili. Deni halitalipwa na sisi kwa mkono wetu. Kampuni itakata yenyewe, katika ada, kabla ada hazijatufikia. Miezi ishirini. Na mkataba wetu wa mishahara unakwisha lini? Miezi minne kutoka sasa. Maana yake ni kwamba tutakaa mezani kudai nyongeza tukiwa wadeni wa yule tunayemdai. Tukigoma, na wakati wa mgomo hakuna mshahara wala ada, tutakuwa tumekosa kulipa deni. Watalichukua gari, na pesa tulizokwisha kulipa zitabaki kwao. Katika barua hakuna sentensi hata moja inayosema vinginevyo. Tuliuliza. Jibu lilikuwa kwamba baina ya marafiki mambo hayo hayaandikwi.

Nasi tunakumbushana tunajadiliana katika nchi gani. Kima cha chini cha mshahara kisheria hapa Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi mzima. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya, na Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo mchuma chai hana ngao ya sheria ya kujifunika nayo. Alichonacho ni mkataba wa chama peke yake. Mkataba huo ukilegea kwa sababu wajumbe wake wana deni, hakuna mlango wa pili wa kubisha.

Wapo watakaotuita watu wa zamani kwa kulitaja neno wabenzi. Neno hilo lilizaliwa hapa Afrika Mashariki baada ya uhuru, wananchi walipoona kabila jipya limetokea lisilo na kijiji wala mila ila aina ya gari. Sisi hatusemi kila anayepanda Benzi ni mnyonyaji. Ila tunajua jinsi linavyotazamwa na mtu aliye shambani. Kule Burkina Faso, Thomas Sankara alipoongoza kati ya mwaka 1983 na 1987, aliuza Benzi za serikali na kuwapa mawaziri Renault 5, gari dogo kabisa. Mawaziri hawakupenda. Lakini mkulima aliyeliona likipita alijua kwamba pesa yake haikwenda yote kwenye viti vya ngozi. Mwenyekiti wetu akipita kambi namba tano katika Benzi la fedha, kioo kimepandishwa kwa sababu ya vumbi, wachumaji watajua kutoka wapi limetoka, maana wote wamelizoea likimbeba meneja. Na siku atakaporudi na nyongeza ndogo, wataunganisha mambo hayo mawili hata kama hayana uhusiano. Tutawalaumu?

Basi tunapendekeza nini? Tawi linunue pikipiki mbili aina ya Bajaj Boxer, moja kwa wajumbe wa kambi za mlimani na moja kwa wa bondeni. Spea zake zinapatikana kila kituo cha biashara, na kijana yeyote anaijua. Kwa safari za Kampala na siku za mazungumzo, tukodi gari kwa siku hiyo, Toyota yoyote nzima, dereva awe na dhamana yake. Tumehesabu kwamba safari moja ya kukodi kila mwezi kwa mwaka mzima haifiki ile karatasi ya fundi. Mwenyekiti atafika amekauka, na akishuka gari si letu tena, hatulali tukiliwaza.

Kuhusu wagonjwa na wajawazito usiku, hilo tusilichukue mabegani kwetu hata kidogo. Gari la zahanati ni wajibu wa mwajiri. Lisiende Kampala na bosi. Tuliingize katika madai ya mkataba mpya, namba moja au namba mbili, kwa maandishi: gari la zahanati lilale kambini, na dereva wa zamu ya usiku alipwe. Kampuni inayoweza kumnunulia meneja gari jipya haiwezi kutuambia kwamba hili ni zito. Kwa kweli sisi tunafikiri kwamba barua ya Benzi imekuja sasa ili tusahau kuliuliza hili.

Kwa wale ambao hata baada ya maneno haya yote wataona lazima tulinunue, tunaomba mambo matatu yaandikwe kabla ya sahihi: kampuni ilete gari limekwisha tengenezwa kwa karatasi ile ya fundi, pampu ya breki ikiwemo, malipo yafanywe na mhazini wa tawi kwa mkono wake, si kwa kukatwa, na gari likichukuliwa, pesa zilizolipwa zirudi. Kampuni ikikubali yote matatu, sisi tutakuwa wa kwanza kuliosha.

Mkutano mkuu wa tawi ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, chini ya miti nyuma ya kiwanda. Kura itapigwa kwa kuinua mikono, isipokuwa wanachama kumi wakitaka ya siri. Wa zamu ya usiku msiende kulala kwanza. Mhazini ameombwa aje na daftari, na fundi amekubali kuja na karatasi yake, tukimlipia nauli.